Bi Simu na Mashine ya Kusahau

Sijapata kumwona mtu aliyejua kushangaa kama Bi Simu. Mama yangu akimpelekea habari ya posa iliyovunjika, au ya kijana wa fulani aliyepata kazi bara, Bi Simu ataacha kusuka ukili wake wa mkeka, atafungua macho, atashika kidevu: "Alaa! Tangu lini?" Mama akirudi nyumbani na furaha ya kuwa wa kwanza kumpasha. Ilinichukua miaka kujua kwamba habari nyingi kati ya hizo zilikuwa zimepita kinywani mwa Bi Simu mwenyewe, neno kwa neno, kabla mama hajazisikia popote.

Alikuwa na jina lake, na ukoo wake unajulikana, lakini kisiwani Mafia tulimwita Bi Simu na yeye akaitika. Ndiye aliyekuwa mpokeaji wa simu ya upepo pale Kilindoni, enzi ambazo ukitaka kusema na ndugu yako Dar es Salaam unakwenda kusimama mbele ya dirisha lenye nondo, unasema ulilo nalo, naye anaurudia ujumbe wako kwenye redio kwa sauti ya kukatakata. Majibu yakija anayaandika kwenye karatasi mbili. Moja yako. Ya pili anaichoma kwenye msumari wa ukutani, inakaa mwezi mmoja kama kanuni ilivyotaka, kisha anaiteketeza nyuma ya ofisi. Mtu mwingine angetia kiberiti akaondoka. Yeye alisimama na kijiti, akageuza majivu mpaka herufi ya mwisho iishe.

"Mimi mrija," alikuwa akisema. "Maji yanapita. Ukiona maji yamebaki ndani ya mrija, jua umeziba."

Msidhani alikuwa malaika. Umbea aliupenda, tena sana. Aliweza kukueleza harusi ya miaka ishirini nyuma ambayo pilau yake ilikuwa maji na nyama zake za kuhesabu, na akataja mpishi. Nilipokua kidogo nikamuuliza inakuwaje mtu anayetunza siri za kisiwa kizima akawa na ulimi huo. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Hiyo pilau niliila mwenyewe," akasema. "Ni yangu. Ujumbe si wangu."

Alikuwa na tabia ya kumfanya kila mtu arudie aliloambiwa. Akikutuma chumvi dukani, anasema, kisha: "Rudia." Ukikosea kiasi unaanza upya, hata kama jua linakuchoma kichwa. Na wewe ukimwambia neno, hasemi sawa wala asante. Anasema, "Nimekupata." Alimwambia hivyo mganga wa hospitali aliyemwandikia dawa ya presha, na alimwambia hivyo shehe aliyemfungisha ndoa ya pili, mbele ya mashahidi. Ndoa yenyewe haikudumu, ila jibu lile linasimuliwa mpaka leo.

Kisha ikaja hifadhi ya bahari. Ofisi zikajengwa upande wa Utende, zikaja boti za doria na wageni wa kuogelea na miwani, na haukupita muda mrefu ikaja minara ya simu. Dirisha la nondo likafungwa. Bi Simu akarudi kwao Kiegeani, kijiji kilicho njiani ukitoka Kilindoni kwenda Utende, akachukua kiti chake cha ofisini na ule msumari. Simu ya mkononi alikataa kabisa kuishika. Alisema kitu kinachosema na kila mtu hakina mwenyewe. Watoto wake walimletea tatu kwa nyakati mbalimbali. Akawapa majirani zote tatu.

Ndiyo maana watu walicheka walipomsikia huyuhuyu Bi Simu, na miaka yake sabini na kitu, akitajwa kuwa mtunza seva.

Mimi wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua, kutoa picha za pasipoti na kutengeneza simu, pembeni ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Kilindoni. Nilikuwa nimesoma kompyuta Dar miaka miwili, nikarudi na cheti na majivuno. Kamati ya ulinzi wa ufukwe ilinifuata kwa sababu ya jambo ambalo kila mvuvi alilijua na hakuna aliyelisema: watu waliokuwa wakipiga baruti kwenye matumbawe. Kamati ilikuwa na kundi kwenye simu, lile la kawaida ambalo kila mtu analo. Mzee mmoja akaandika humo kuwa amesikia mlipuko na ameiona mashua. Boti ya doria haijatoka Utende, maneno ya mzee yalikwisha kupigwa picha na kufika kwa wenye mashua. Asubuhi alikuta nyavu zake zimechanwachanwa, na hakurudi baharini tena. Tangu hapo kundi likawa la salamu na pole za misiba.

Kwenye mkutano wa kamati peke yake akasimama Sefu, mvuvi wa kisiwa cha Bwejuu, mtu wa maneno machache. "Mimi nitasema ninachokiona," alisema. "Lakini jina langu likijulikana, sina nyumba. Wanaolipua ni mashemeji zangu. Ndugu wa mke wangu, baba mmoja mama mmoja." Akaketi. Watu wakatazama chini.

Basi wakaamua tuwe na huduma yetu wenyewe ya ujumbe, ya wanakamati walioapa kutunza siri tu, kwenye mashine yetu wenyewe, tusiyoichangia na mtu. Mimi nichague programu ya seva na kuisimika. Na mashine ikae kwa nani? Hapo hapakuwa na ubishi. Ikae kwa Bi Simu.

Nilimwendea Kiegeani na daftari langu. Nilikuwa nimeorodhesha programu tatu, na nikajiandaa kumwelezea seva ni nini kwa lugha ya mtoto wa chekechea. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza huku anasuka. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo ni mpokeaji. Anapokea kwa huyu anampa yule." Nikasema ndiyo. "Na wewe unataka kuajiri. Haya, wataje mmojammoja, na kila mmoja uniambie mambo matatu. Anakula nini, anasema na nani, na anakumbuka nini."

Nimesoma baadaye kurasa nyingi za wataalamu juu ya namna ya kuchagua seva, zenye majedwali na alama. Sijaona maswali bora kuliko hayo.

Wa kwanza alikuwa ndiye niliyemtaka. Programu kubwa, nzuri kwa macho, inabeba picha na sauti, ina rangi, na inaweka kila neno lililowahi kusemwa ili ukibadilisha simu ulikute. Inakula nini? Nikasema inataka mashine yenye nguvu. "Tunayo?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa na kimashine kidogo kama boksi la sabuni, kilichopaswa kuishi kwa betri ya sola. Inakumbuka nini? "Kila kitu, Bi," nikasema kwa fahari. Akainua macho kutoka kwenye ukili, akanitazama, akaniashiria nitaje wa pili.

Wa pili alikuwa rahisi kusimika, dakika chache tu kazi imekwisha. Anasema na nani? Ikabidi nikiri kwamba kila simu mpya ikijiunga, mashine yetu lazima iulize kwanza mashine ya waliomtengeneza, nchi za mbali. "Huyo ana bwana wake," Bi Simu alisema. "Mwache."

Wa tatu nilimtaja kwa kutimiza hesabu. Mzee, mwepesi, hana sura. Anakula kidogo, hasemi na mtu wa nje asipoambiwa, na ukimpangilia hivyo anapeleka ujumbe na kuufuta. Zaidi ya hapo maneno yanaweza kufungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwenye simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu, hata mtunza mashine akifungua anaona herufi zisizo na maana.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Huyo," akasema.

Nilibisha. Nakiri nilibisha kwa sababu zangu. Yule wa kwanza ndiye aliyekuwa akitakiwa kwenye makampuni, na nilitaka siku moja niandike kwenye maombi ya kazi kwamba nimemsimika kisiwani kwa sola. Nikamwomba tumjaribu wiki moja. Alikubali, nafikiri ili nijionee mwenyewe. Kimashine kilipata moto hata ungeweza kukaushia dagaa juu yake. Ujumbe wa asubuhi ukafika alasiri. Mwanamke mmoja wa kamati, mkulima wa mwani, aliwaita wenzake waje kuanua kabla ya mvua, wakapata wito wakati mwani umekwisha kulowa. Wiki haikuisha nikamwondoa mwenyewe.

Lakini bado nilikuwa na hoja. Nilimwambia kwamba hayo ya kufunga kufuli mpaka yeye asisome yanatusumbua bure. Simu nyingi za wanakamati ni za mtumba, za zamani, haziwezi kufuli lile kwenye kundi. "Na kwa nini tukufungie wewe?" nikasema. "Wewe tunakuamini, Bi. Kisiwa kizima kinakuamini."

Aliweka ukili chini. Nilikuwa sijamwona akiuweka chini kwa ajili ya mazungumzo.

Akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia, na Mafia ni mahali ambapo husikii jambo jipya kwa urahisi. Wakati wa dirisha la nondo ulikuja ujumbe kwa mama mmoja wa Kilindoni. Mwanao mgonjwa, anakuulizia, njoo. Wiki hiyo mama yule alikuwa akimwoza binti yake. Nyumba imejaa, ngoma zinapigwa, na mama mwenyewe alikuwa na moyo wa hofu, akisikia homa tu anaona kaburi. "Nikasema, nitamtia hofu bure," Bi Simu alisema. "Kijana ni kijana, ataugua atapona. Arusi ipite. Nikaufunga kwenye pindo la kanga. Siku tatu, mwanangu. Nilikwenda arusini nao kiunoni, nikacheza, na yule mama akacheza, na mimi namtazama najiona nimemfanyia wema. Siku ya nne nikampa. Alipofika Dar wamekwisha mzika."

Nikamuuliza kama yule mama alijua.

"Nilimwambia mwenyewe. Kulinichukua miaka kumi na moja. Akaomba maji, akanywa, akaniambia nimekusikia. Mpaka leo tukikutana ananisalimu. Kuingia nyumbani kwangu hajapata." Akachukua tena ukili. "Ninyi mnatafuta mtu mwema wa kumwachia maneno yenu. Mimi siku ile nilikuwa mwema sana. Wekeni kitu ambacho hakihitaji wema wangu."

Nilisimika programu ya tatu. Kimashine kikawekwa juu ya kabati lake la vyombo, naye akakifunika kitambaa cha kufuma kama wanavyofunika watu redio. Kila asubuhi alitazama kitaa chake cha kijani kama kinawaka, kisha akaendelea na chai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote ya utunzaji, na aliifanya bila kukosa siku.

Sasa nifike kwenye langu.

Lile kufuli lilinishinda. Simu za mtumba zilikuwa zinapokea ujumbe wa kundi kama vumbi la herufi zisizosomeka, watu wakanipigia kelele, wengine wakatishia kurudi kwenye kundi la zamani. Halafu wavuvi wakienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wanazima simu siku kadhaa, wakirudi wanataka kukuta walichoambiwa. Nikakaa kibandani kwangu Kilindoni, nikaingia kwenye mashine kwa mbali, nikaondoa kufuli kwenye kundi na kuwasha kumbukumbu. Siku saba. Kila neno likae siku saba, wazi, kisha lifutike. Malalamiko yakaisha siku hiyohiyo. Watu wakanisifu. Nikasema nitamwambia Bi Simu nikienda Kiegeani. Nilikwenda Kiegeani mara nyingi tu. Kila mara nikasema, leo ana wageni, leo amechoka.

Sefu akaandika. Aliandika kwa jina lake, kwa sababu alikuwa ameambiwa na Bi Simu mwenyewe kwamba maneno hayakai. Alitaja mahali na saa na mashua. Doria ikatoka, ikaikamata mashua ikiwa na baruti ndani yake. Mashemeji zake wawili wakapelekwa mbele ya sheria.

Siku ya tatu baada ya hapo nilikuwa kwa Bi Simu, nimekwenda kumbadilishia betri, alipobisha hodi mtu mzima mmoja wa heshima. Alikuwa mwenye ile mashua. Alibisha vizuri, mara tatu kwa kituo, na Bi Simu alikuwa akimpima mtu kwa hodi yake, akamkaribisha kwa moyo. Alileta tende. Wakasalimiana mpaka wakamaliza watoto na wajukuu. Kisha akasema, "Bi, nimekuja kuomba, sikuja kudai. Kuna mtu amenisema. Amesemea humu ndani ya kidude chako. Nataka jina tu."

"Humu hamna jina la mtu," Bi Simu alisema. "Hakiweki. Kinapeleka kinasahau."

"Watu wanasema mashine haisahau."

"Hii inasahau. Ndiyo tuliyoichagua."

"Utaapa, Bi?"

"Wallahi. Humo hamna neno la mtu."

Yule mzee akanigeukia. "Na wewe, binti, mwenye elimu yake. Ndivyo?"

Sefu alikuwa mle ndani, juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, jina lake na mashua na saa. "Ndivyo," nikasema.

Hapo Bi Simu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinuka, akaondoa kitambaa, akachomoa waya, akakiweka kile kimashine kwenye mapaja ya yule mzee. "Kichukue," akamwambia. "Kampe fundi wako akipekue. Akikuta neno, njoo unite mwongo mbele ya watu."

Yule mzee alikishika. Alikigeuza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na bisibisi mkononi, na nilijua kwamba fundi yeyote wa Dar angemaliza kazi kabla chai haijapoa. Moyoni nilimwona Sefu amesimama nje ya nyumba isiyo yake tena. Mzee akamtazama Bi Simu usoni, kwa muda mrefu, na uso ule haukuwa na kitu cha kuficha kwa sababu haukujua kama kuna cha kuficha. Akakirudisha. "Hapana, Bi. Neno lako latosha. Nisamehe."

Alipoondoka Bi Simu alikuwa na furaha kama mtu aliyerudi kazini. "Umeona?" aliniambia. "Umeona faida ya kuchagua vizuri?" Akanikata kipande kikubwa cha mkate wa kumimina. Nilikila chote, sikujua ladha yake.

Nilirudi Kilindoni kwa bodaboda, nikaingia kwenye mashine, nikafuta kila kitu, nikazima kumbukumbu. Watu wakaanza kulalamika tena kwamba meseji zinapotea. Nikampelekea Bi Simu malalamiko, hilo niliweza kumpelekea. Alisema dawa iko zamani. Kila anayepokea ajibu nimekupata, na mtumaji asipolisikia neno hilo atume tena. Ikawa ndiyo desturi ya kundi. Wanawake wa mwani, wavuvi, hata askari wa doria wakaandika "nimekupata" kutwa kucha. Huduma ile iliishi miaka kadhaa, mpaka betri zikachoka na vijana wakahamia vitu vingine. Sefu hakujulikana. Alipata wajukuu kwa mke yuleyule.

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu angetoka salama. Lakini Bi Simu kila alipohadithia kisa cha mzee wa tende, na alikihadithia sana, kwa sababu hiki kilikuwa chake, aliapa upya. "Hamkuwa na neno." Mbele ya wanawake wa jirani, mbele ya wajukuu. Na mimi nikiwepo hunigeukia niwe shahidi. Nilianza kupunguza kwenda.

Mara ya mwisho nilikwenda baada ya Idi. Macho yalikuwa yamemwisha, anaona mwanga tu, lakini vidole bado vilikuwa vinasuka. Juu ya kabati kile kimashine kilikuwepo bado, kimekufa, kimefunikwa. Nilitoa shikamoo, akanijua kwa sauti. Akaniuliza mbona nimekonda, kumbe haoni. "Sauti imekonda," alisema.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga maneno, yalitoka ovyo. Kufuli, simu za mtumba, siku saba, Sefu, tende. Nikaharakisha kuweka na dawa palepale. Nikasema nimemuuliza shehe, anayeapa akiamini hana dhambi. Nikasema pia lile nililokuwa nikijifariji nalo miaka yote, kwamba kama angejua, uso wake ungemsaliti, na yule mzee angeondoka na mashine. Kutojua kwake ndiko kulikomwokoa Sefu.

"La kiapo nalijua tangu chuoni," alisema. "Na hilo la pili, usinifundishe faida ya uongo. Siku ngapi?"

"Saba, Bi."

Vidole vikasimama. "Mimi nilikaa nao tatu." Akapapasa ukingo wa ukili. "Na kusema kumekuchukua miaka mingapi?"

"Minane."

"Umenishinda. Mimi kumi na moja."

Nililia hapo, sioni haya kusema. Nilimwinamia mapajani naye akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya miyaa ya ukili. Nilijihisi mwepesi. Nilidhani ndiyo imekwisha.

"Rudia," akasema.

Nikainua uso. Alikuwa amekaa wima, kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama nilivyokuwa nikimwona utotoni nyuma ya nondo. Nikarudia, safari hii kwa utaratibu. Kwamba maneno yalikaa siku saba wazi. Kwamba jina lilikuwemo siku ile. Kwamba niliyajua mimi peke yangu na sikusema. Alisikiliza mpaka neno la mwisho. Nikangoja aseme nimekupata.

Hakusema. "Huu umekosea nyumba, mwanangu," alisema. "Si wangu. Kampe mwenyewe."

"Sefu hana habari, Bi. Hakuna kilichompata. Kumwambia leo ni kumtia hofu bure."

"Hivyo ndivyo nilivyosema mimi," akajibu, "wakati nafunga pindo la kanga."

Kesho yake nilivuka kwenda Bwejuu. Sefu alikuwa barazani anashona wavu, amezeeka, amenenepa kidogo. Mkewe akaniletea maji, akaniuliza hali ya mama, akaingia ndani kupika. Nilimsikia akikoroga sufuria wakati nasema na mumewe kwa sauti ya chini. Nilisema yote, sikuweka dawa. Sindano yake ya kushonea haikusimama mpaka nilipofika kwenye siku saba. Kisha ikasimama. Alitazama mlango wa jikoni muda mrefu.

"Bi Simu anajua?" aliuliza.

"Ndiye aliyenituma."

Akatikisa kichwa polepole. "Nimekupata," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Bwejuu mgeni husindikizwa mpaka chomboni, hata awe mtoto. Mke wa Sefu alitoka na sahani ya chakula akakuta nimesimama, akashangaa, akamwambia mumewe, "Hebu msindikize mwenzio." Sefu alikata uzi kwa meno, akachagua mwingine. Niliteremka ufukweni peke yangu.